Uchina au Vietnam: mbao zako ngumu zielekee wapi?

Weka kwenye grafu moja kiasi cha mbao ngumu kilichoingia Uchina na kilichoingia Vietnam tangu mwanzoni mwa karne hii. Mstari wa Uchina uko juu kabisa, wa Vietnam unatambaa chini, na muuzaji mwenye haraka anaishia hapo: soko ni Uchina, tafuta wakala wa Guangzhou, kazi imekwisha.

Mimi naisoma grafu hiyo kwa umbo la mistari kuliko kwa urefu wake. Urefu unakuambia soko linaweza kumeza shehena ya ukubwa gani. Umbo linakuambia ni nani anayeweza kusimamisha ununuzi, na kwa sababu gani. Kwa nchi hizi mbili majibu hayafanani hata kidogo, kwa sababu Uchina kwa sehemu kubwa hununua mbao kwa ajili ya nyumba za Wachina, na Vietnam kwa sehemu kubwa hununua mbao kwa ajili ya vyumba vya kulala vya Wamarekani. Ukilielewa hilo, mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Kwanza, unalinganisha nini?

Forodha za dunia huziweka mbao zilizopasuliwa chini ya msimbo 4407, mradi unene wake unazidi milimita 6. Magogo yako 4403. Ndani ya 4407, vifungu vinavyoanza na 4407.1 ni misonobari na jamaa zake, yaani mbao laini. 4407.2 ni mbao za kitropiki, na 4407.9 ni mbao ngumu nyingine kama mwaloni, ashi na mcheri. Mbao ngumu, basi, ni 4407.2 ukijumlisha na 4407.9. Anayechukua 4407 nzima anaingiza pia misonobari ya Urusi na ya nchi nyingine, na kwa Uchina misonobari hiyo ni zaidi ya nusu ya kiasi chote. Makala nyingi zinazotaja mamilioni ya Uchina hufanya hivyo bila kusema.

Misimbo nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 2017 betula (mti ambao Waingereza huuita birch) ilipewa namba yake, 4407.96, na popla ikapewa 4407.97. Kabla ya hapo zote mbili zilikuwa ndani ya kapu la 4407.99. Kwa hiyo ukichora 4407.99 ya Uchina peke yake kwa miaka kumi na mitano utaona bonde mwaka 2017 na utatafuta sababu ya kiuchumi, wakati betula ya Urusi imehamishiwa safu nyingine tu. Mwaka 2022 msaji nao ulitolewa kwenye kapu la mbao za kitropiki nyinginezo, ukapewa 4407.23. Ulinganisho wa miaka mingi lazima ujumlishe makundi yote mawili, la sivyo unalinganisha marekebisho ya makarani.

Kwa Vietnam kuna mtego wa aina yake. Mbao inayotawala makontena yanayotoka Marekani kwenda huko ni ya mti wa tulipu, *Liriodendron tulipifera*, ambao Wamarekani wenyewe huuita popla ya njano. Lakini 4407.97 ni ya jenasi *Populus* peke yake, na tulipu si *Populus*. Imekaa 4407.99. Anayeitafuta kwenye popla ataondoka akiamini Vietnam haina haja nayo, ilhali ndiyo mbao ambayo viwanda vya samani vya kusini mwa nchi hiyo hupaka rangi na kufanya fremu kila siku.

Halafu kuna vipimo. Marekani hupima kwa futi za ubao, na futi za ubao 1,000 ni mita za ujazo 2.36. Nchi nyingine huandika kilo. Hapo ndipo watu huumia, kwa sababu mita moja ya ujazo ya tulipu iliyokaushwa ina takriban kilo 455, na ya tali, mti mzito kutoka Kamerun, inakaribia kilo 900. Tani 25 za tali ni kama mita za ujazo 28. Tani hizo hizo za tulipu ni karibu 55. Anayebadilisha kilo kuwa ujazo kwa kigawanyo kimoja kwa miti yote anaweza kukosea kwa nusu nzima, na kosa lake litaangukia upande mmoja kwa sababu mchanganyiko wa miti ya Vietnam si ule wa Uchina.

Usumbufu mkubwa zaidi ni kwamba nchi hizi mbili hazitangazi kitu kilekile. Forodha ya Uchina hutoa mita za ujazo kwa kila msimbo, kila mwezi. Taarifa za kila mwezi za forodha ya Vietnam kuhusu mbao na bidhaa za mbao hutoa thamani kwa dola, si ujazo. Ujazo unapatikana kwenye rekodi za kina, ambazo jumuiya ya wenye viwanda vya mbao, VIFOREST, huzichambua pamoja na shirika la Forest Trends. Njia nyingine ni kuchukua takwimu za upande wa pili, yaani kile ambacho Marekani au Ufaransa imeandika kwamba imepeleka Vietnam. Njia hiyo inafaa, ila kumbuka shehena iliyoondoka Desemba itahesabiwa na mpelekaji mwaka huu na kupokewa mwaka ujao, na bei ya bandari ya kuondokea haina nauli wala bima ambazo mpokeaji amezijumlisha. Ukishachagua upande, baki nao kwa nchi zote mbili.

Na usilinganishe Januari na Januari. Mwaka mpya wa Uchina na Tet ya Vietnam huangukia siku zilezile, viwanda vinafungwa pande zote mbili, na tarehe inahamahama: 22 Januari mwaka 2023, 10 Februari mwaka 2024, 29 Januari mwaka 2025. Jumlisha Januari na Februari kabla ya kutangaza kwamba soko limeanguka au limefufuka.

Uchina: mstari uliopandishwa na mwaka 1998

Mwaka 1998 mambo mawili yalitokea Uchina yasiyokuwa na uhusiano, yakakutana kwenye soko la mbao. Mto Yangtze ulifurika vibaya, serikali ikalaumu ukataji wa misitu ya juu ya mto, ikaanza mpango wa kulinda misitu ya asili na kupiga marufuku ukataji katika maeneo makubwa. Mwaka huohuo ilisitisha utaratibu wa zamani wa waajiri wa serikali kuwagawia wafanyakazi nyumba, watu wakaanza kununua nyumba zao. Msitu ukafungwa, soko la nyumba likafunguliwa. Tarehe 1 Januari 1999 ushuru wa magogo na mbao zilizopasuliwa ukaondolewa, na mwishoni mwa 2001 nchi ikaingia Shirika la Biashara Duniani.

Kilichofuata ni takriban miaka ishirini ya kupanda, na mitetemo yake. Marufuku ya kukata misitu ya asili iliendelea kupanuliwa: jimbo la Heilongjiang mwaka 2014, nchi nzima kufikia 2017. Mwaka huo wa 2017 Uchina iliingiza magogo zaidi ya mita za ujazo milioni 55 na mbao zilizopasuliwa zaidi ya milioni 37, laini na ngumu kwa pamoja. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa karibu nayo kwa magogo.

Kisha mstari ukapinda. Agosti 2020 serikali ilianza kuwabana wajenzi waliokopa kupita kiasi, mwaka uliofuata kampuni ya Evergrande ikashindwa kulipa madeni yake, na ujenzi wa nyumba ukaingia kwenye mdororo ambao haujatoka. Mwaka 2021 mbao zilizopasuliwa zilizoingia zilikuwa chini ya milioni 30, na zimebaki chini ya kiwango hicho miaka iliyofuata. Ugonjwa wa UVIKO na kufungwa kwa miji mwaka 2022 vilichangia, lakini vizuizi viliondolewa Desemba mwaka huo na mstari haukurudi ulikokuwa. Anayesubiri 2017 irudi anasubiri vijana wa Kichina waanze tena kununua nyumba ambazo hazijajengwa, na sioni dalili hiyo.

Ndani ya jumla hiyo, mbao ngumu zina historia kadhaa, na ni vizuri kujua ipi ni yako. Sehemu kubwa kabisa si miti ya fahari. Ni mti wa mpira kutoka Thailand, ule uliozeeka na kuacha kutoa utomvu, unaopasuliwa, unatiwa dawa, unakaushwa na kupelekwa karibu wote Uchina kwa samani za bei nafuu. Thailand kuongoza orodha ya wauzaji wa mbao ngumu hakumaanishi kwamba Wachina wanataka mbao ngumu yoyote ya kitropiki. Wanataka ile, kwa bei ile. Urusi nayo huleta betula, ashi na mwaloni kwa reli kupitia miji ya mpakani ya Manzhouli na Suifenhe.

Afrika iko kwenye mstari kwa namna inayopotosha. Gabon ilizuia kuuza magogo nje tangu Mei 2010, na Uchina ndiyo iliyokuwa mnunuzi wake mkuu. Urusi ilizuia magogo ya misonobari na ya mbao ngumu zenye thamani kuanzia Januari 2022. Jamhuri ya Kongo ilifanya hivyo kuanzia 2023. Kila mara nchi ya namna hii inapofunga magogo, mbao zilizopasuliwa kutoka kwake huongezeka kwenye takwimu za Uchina, na mtu anayetazama 4407 peke yake huona kiu imeongezeka. Kiu ni ileile, imehama msimbo. Ndiyo maana kwa Uchina siangalii kamwe mbao bila kuweka magogo pembeni yake. Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon huipelekea Uchina magogo mengi sana yanayopasuliwa hukohuko, na hayo hayaonekani kabisa kwenye mstari wa mbao.

Historia ya mwisho ni ya miti myekundu, *hongmu*. Kiwango cha taifa cha mwaka 2000 kilitaja spishi 33 zinazostahili jina hilo, kikapunguzwa hadi 29 mwaka 2017. Wengi walinunua mbao hizi kama watu wanavyonunua dhahabu, kuhifadhi fedha. Kiasi kilipanda kwa kasi hadi 2014, kikaporomoka. Januari 2017 jenasi nzima ya *Dalbergia* iliingia kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Aliyejenga mpango wa biashara kwa kuangalia kupanda kwa 2010 hadi 2014 alikuwa anaangalia ulanguzi.

Vietnam: mstari unaofuata mstari mwingine

Vietnam ilianza kufunga misitu yake mapema, katika miaka ya 1990, na mwaka 2017 ikatoa agizo la kufunga ukataji wa misitu ya asili nchi nzima. Lakini kilichopandisha uagizaji wake hakikuwa nyumba za ndani. Mkataba wa biashara na Marekani ulianza Desemba 2001. Januari 2005 Marekani iliweka ushuru wa kuzuia bei za kutupa, yaani bei za chini isivyo haki, kwa samani za chumba cha kulala kutoka Uchina, na viwanda vikahamia Binh Duong na Dong Nai, kando ya jiji la Ho Chi Minh. Januari 2007 nchi ikaingia Shirika la Biashara Duniani. Tangu hapo anayetaka kujua Vietnam itaagiza mbao ngumu kiasi gani miezi kadhaa ijayo anaangalia oda za samani za Marekani leo.

Miaka mitatu inatosha kuonyesha. Mwaka 2022 mauzo ya nje ya mbao na bidhaa za mbao ya Vietnam yalikuwa takriban dola bilioni 16, na zaidi ya nusu ilikwenda Marekani. Nchi yenyewe iliagiza mbao na bidhaa za mbao za takriban dola bilioni 3. Mwaka 2023 maghala ya Wamarekani yalikuwa yamejaa bidhaa zilizonunuliwa wakati wa UVIKO, mauzo yakashuka hadi bilioni 13 na kitu, na uagizaji ukashuka hadi bilioni 2.2 hivi. Mwaka 2024 mauzo yalirudi juu ya bilioni 16, uagizaji ukapanda hadi karibu bilioni 2.8. Mistari miwili inashuka pamoja na kupanda pamoja. Uchina haina uhusiano wa karibu kiasi hicho na mnunuzi mmoja.

Kwa ujazo Vietnam ni ndogo. Mbao zilizopasuliwa zinazoingia, laini na ngumu pamoja, katika miaka ya karibuni zimekuwa kati ya milioni 2 na 3 za mita za ujazo kwa mwaka wa kawaida. Wiki chache za Uchina. Tena mstari huu hauonyeshi kiu yote, kwa kuwa viwanda vina akasia ya mashamba ya ndani na mti wa mpira. Mwaloni ukipanda bei sana, mbunifu anaambiwa achore upya meza ile kwa akasia. Uwezo huo wa kubadilisha humlinda mwenye kiwanda na kumwumiza muuzaji wa mbao.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi vyanzo vilivyobadilika. Miaka kumi na kitu iliyopita mbao nyingi za kitropiki ziliingia kwa lori kutoka Laos na Kambodia. Mwanzoni mwa 2016 Kambodia ilifunga mpaka kwa mbao zinazokwenda Vietnam, na Mei mwaka huohuo waziri mkuu wa Laos alitoa Agizo Na. 15 lililozuia kuuza nje magogo na mbao ambazo hazijakamilishwa. Mbao kutoka Laos zilianguka vibaya sana. Pengo lilijazwa na Afrika, Kamerun ikiwa mbele, pamoja na miti ya Marekani na Ulaya. Jumla ya Vietnam ukiitazama kwa juujuu haionyeshi mshtuko ambao wauzaji mmojammoja waliupata.

Kuna Vietnam mbili pia, na zisichanganywe. Moja ni ya viwanda vya kusini: tulipu, ashi, mwaloni, zinazoshushwa bandari ya Cat Lai, zimekaushwa kwa tanuri, zimepangwa kwa madaraja, na mara nyingi ni daraja la kati kwa sababu kiwanda kinakata vipande vifupi na hakihitaji ubao mrefu usio na fundo. Nyingine ni ya soko la ndani, hasa kaskazini, ambako mbao nzito za Afrika, tali, paduki (*Pterocarpus*) na mkongo (*Afzelia*) wa Afrika ya Kati, huingia na kuwa milango, ngazi, vitanda vya kuchonga na nguzo za mahekalu. Kijiji cha Dong Ky huko Bac Ninh kimejulikana kwa samani za namna hiyo kwa vizazi. Vietnam hii ya pili haiangalii maghala ya Marekani. Inaangalia bei ya ardhi ya ndani na kipato cha familia za Hanoi. Kwa hiyo kauli kwamba Vietnam ni soko la Marekani ni kweli kwa tulipu na si kweli kwa tali.

Marekani inapokunja uso

Hapa ndipo tofauti ya hatari inapoonekana vizuri. Mwaka 2017 zaidi ya nusu ya mbao ngumu zilizopasuliwa ambazo Marekani iliuza nje zilikwenda Uchina. Septemba 2018 Uchina iliziwekea ushuru wa kulipiza kisasi, ikaupandisha Juni 2019, na kiasi kilichokwenda huko mwaka 2019 kilikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi ukilinganisha na 2017. Wapasuaji wa mwaloni mwekundu waliumia kuliko wote. Machi 2025 Uchina ilisimamisha magogo ya Marekani ikitaja wadudu, ikayaruhusu tena Novemba.

Vietnam ilipata msukosuko wa upande mwingine. Oktoba 2020 Marekani ilianza kuchunguza mbao zake zinazodaiwa kuvunwa kinyume cha sheria, jambo likaisha kwa makubaliano Oktoba 2021. Agosti 2025 bidhaa za Vietnam zilianza kutozwa ushuru wa asilimia 20 zikiingia Marekani, na tarehe 14 Oktoba 2025 samani zenye mito pamoja na makabati ya jikoni, kutoka nchi nyingi, zikawekewa ushuru wa asilimia 25.

Sasa angalia nani anaumia. Ushuru wa Uchina uliwalenga Wamarekani. Kama mbao zako zinatoka Gabon, Brazili au Ujerumani, haukukugusa, na huenda ulikuletea wateja. Ushuru wa Marekani kwa samani za Vietnam unamgusa kila anayeviuzia viwanda vile mbao, awe Mjerumani au Mmarekani mwenyewe. Vietnam haitozi ushuru mbao zilizopasuliwa, mlango wake uko wazi, lakini kinachofungwa ni mlango wa nyuma ambao bidhaa hutokea. Kwa muuzaji asiye Mmarekani, basi, hatari ya kisiasa iko zaidi Vietnam kuliko Uchina, kinyume na inavyosemwa kila siku.

| | Uchina | Vietnam |
|---|---|---|
| Kinachosukuma kiasi | Ujenzi wa nyumba za ndani, sera za misitu | Oda za samani za Marekani; soko la ndani kwa miti mizito |
| Umbo la mstari | Kupanda hadi 2017, kushuka, kutulia chini | Kupanda kwa ujumla, na mashimo kama la 2023 |
| Mbao ngumu kuu | Mti wa mpira, betula, mwaloni, ashi, miti ya Afrika | Tulipu, ashi, mwaloni, tali |
| Takwimu | Mita za ujazo kwa kila msimbo | Taarifa za kila mwezi kwa dola |
| Nyaraka za uhalali | Kifungu cha 65 cha Sheria ya Misitu | Amri 102 ya 2020 na marekebisho yake |

Karatasi

Safu ya mwisho ya jedwali inastahili maneno machache. Sheria ya Misitu ya Uchina iliyofanyiwa marekebisho imekuwa ikitumika tangu Julai 2020, na kifungu chake cha 65 kinamkataza mwenye kiwanda kununua, kusindika au kusafirisha mbao anazojua zimevunwa kinyume cha sheria, na kinamtaka aweke daftari la kinachoingia na kutoka. Vietnam imekwenda mbali zaidi. Mkataba wake na Umoja wa Ulaya kuhusu uhalali wa mbao umeanza kutumika Juni 2019, na Amri 102 ya 2020, iliyorekebishwa kwa Amri 120 ya 2024, inagawa nchi zinakotoka mbao na spishi zenyewe kwa viwango vya hatari. Mbao za Marekani hupita kwa wepesi. Za Kamerun haziko kwenye orodha ya nchi salama, kwa hiyo mwagizaji anadaiwa ushahidi wa ziada wa uvunaji halali. Ukimwuzia, atakudai wewe.

Kwa spishi fulani hakuna tofauti kati ya nchi hizi. Mkutano wa CITES uliofanyika Panama mwaka 2022 uliingiza miti ya Afrika ya jenasi *Afzelia*, *Khaya* na *Pterocarpus* kwenye Kiambatisho cha Pili, na udhibiti huo unahusu magogo na mbao zilizopasuliwa pia. Mkongo na paduki, wapenzi wa soko la ndani la Vietnam, wamo. Bila kibali cha nchi inakotoka, mbao hiyo haina pa kwenda, si bandari ya Zhangjiagang ya Uchina wala ya Hai Phong ya Vietnam.

Nani aende wapi

Mwenye spishi moja kwa wingi, kwa mfano makontena mengi kila mwezi ya mbao ya kawaida isiyo na jina, aende Uchina. Vietnam haitammeza, na akijaribu ataona bei ikishuka kwa sababu yake mwenyewe. Lakini apange hesabu kwa kiasi cha 2021 na baada yake, si cha 2017, na asikubali mkataba wa kupanua kiwanda kwa kuahidiwa kwamba mambo yatarudi.

Mwenye mbao za ukanda wa baridi, zilizokaushwa na kupangwa madaraja, kwa shehena ndogondogo, namshauri Vietnam, hasa kama ana daraja la kati lisilopendwa kwingine. Atengeneze tabia ya kufuatilia uuzaji wa samani na nyumba nchini Marekani kuliko kufuatilia Vietnam yenyewe, na asimkopeshe mnunuzi kwa zaidi ya msimu mmoja wa oda. Viwanda vingi vinafanya kazi kwa faida nyembamba, na ushuru wa Oktoba 2025 umeila sehemu yake.

Mwenye miti mizito ya Afrika ana uamuzi mgumu zaidi. Akiwa na nyaraka kamili za kibali cha uvunaji, kuanzia kitalu cha msitu hadi bandari, soko la ndani la Vietnam humlipa vizuri kwa tali na halitikiswi na Washington. Akiwa na nyaraka nusunusu, Amri 102 itamkwamisha mwagizaji wake, na wengi hukimbilia Uchina kwa sababu hiyo. Mimi nisingefanya hivyo kama mpango wa muda mrefu. Kifungu cha 65 tayari kipo na kinachosubiriwa ni kanuni za kukitekeleza, tena wanunuzi wa Kichina wanaouza samani Ulaya wameanza kudai karatasi zilezile kwa sababu ya sheria ya Ulaya ya kuzuia ukataji misitu, hata baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja. Gharama ya kukusanya nyaraka itakuja tu. Afadhali ilipwe sasa, wakati shehena bado ni ndogo.

Na anayetaka kugawa mzigo wake pande zote mbili, agawe kwa spishi, asigawe kila spishi nusu kwa nusu. Mwaloni na ashi zinaweza kwenda kokote na kuhamishwa kati ya Guangzhou na Cat Lai ndani ya robo mwaka moja, upande mmoja ukilegea. Tulipu ikae Vietnam, tali iende Hai Phong. Za bei nafuu za kufanyia fremu, zinazoshindana moja kwa moja na mti wa mpira wa Thailand, zipelekwe Uchina ikiwa tu nauli inaruhusu kumshinda Mthai, na mara nyingi hairuhusu.